Dokta wa Kuku: kisa cha mtafiti wa kinga aliyefungua kampuni Mwanza

Siku ya kwanza alipoingia ofisini kwangu alikuwa na vitu viwili mkononi: andiko la biashara la kurasa 41, na kipande cha plastiki cheupe kinachofanana kabisa na kile cha kupimia mimba. Andiko aliliweka mezani. Kile kipande hakukiachia.

Mimi ni mhasibu. Wateja wangu ni wenye maduka ya vipuri, wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni waliokua mpaka wakamiliki malori, na shule mbili tatu za binafsi. Mtafiti wa mfumo wa kinga mwenye shahada ya uzamivu hakuwahi kukalia kiti kile. Nilipomwomba baadaye niandike kisa chake alikubali kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala taasisi alizopitia. Basi nitamwita Dokta, kama anavyoitwa na kila mtu, wakiwemo wauza chakula cha kuku wa Nyakato ambao mpaka leo wanaamini ni daktari wa mifugo.

Tangu wakati ule wamenijia wengine wa aina yake, vijana wenye shahada kubwa wanaotaka kuacha maabara za watu wafungue zao. Kila andiko lina kurasa nyingi kuhusu kipimo, chanjo au dawa, na aya moja kuhusu atakayelipa. La Dokta lilikuwa hivyo hivyo. Aya yake ilikuwa ukurasa wa 38.

Mtoto wa Ukerewe

Amezaliwa Ukerewe, na kama watoto wote wa kisiwani aliogelea, alifua na kuchota maji mle mle ziwani. Mjomba wake alikuwa mvuvi. Tumbo lilimvimba, na asubuhi moja akatapika damu beseni zima. Alikufa kabla kivuko hakijafika. Watu walisema karogwa.

Miaka mingi baadaye, akiwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, mhadhiri aliwachorea ini ubaoni na Dokta akamwona mjomba wake pale. Minyoo ya kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni, huingia mwilini kupitia ngozi ukiwa majini, baada ya kukulia ndani ya konokono wadogo wa ufukweni. Hukaa kwenye mishipa ya damu kandokando ya utumbo, na jike mmoja aweza kutaga hadi mayai 300 kwa siku. Mengine hutoka na choo. Yanayobaki husombwa na damu mpaka kwenye ini, na hapo mfumo wa kinga huyazingira, kila yai na uvimbe wake mdogo. Uvimbe huo huacha kovu. Makovu yakishakuwa mengi ini linakakamaa, damu inakosa njia, mishipa ya koo la chakula inatanuka, na siku moja inapasuka.

"Kwa hiyo kaka, mnyoo hakumuua mjomba," aliniambia. "Kinga yake mwenyewe ndiyo iliyomuua, ilikuwa inajenga ukuta." Kwa sababu ya ukuta huo akachagua somo la kinga. Alikwenda Ulaya kwa uzamivu, akabaki huko miaka miwili zaidi kwa utafiti, kisha akarudi Mwanza kufundisha na kufanya kazi ya maabara.

Asiyeujua mji huu anaweza kudhani alirudi jangwani. Mwanza ina historia nzito ya utafiti wa tiba kuliko miji mingi mikubwa kuizidi. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika vijiji vya mkoa huu, ukionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya Virusi vya UKIMWI kwa takriban asilimia 40. Baadaye wasichana 930 wa Mwanza wenye umri wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti wa chanjo ya HPV, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, kuona kama dozi moja inaamsha kingamwili, yaani protini za damu zinazokamata vimelea, za kutosha. Matokeo yake yamo katika ushahidi uliolifikisha Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022, kukubali ratiba ya dozi moja. Tanzania ilihamia dozi moja mwaka 2024. Sindano moja mahali pa mbili: hesabu hiyo hata mhasibu anaielewa.

Kwa hiyo watu wenye ujuzi wapo. Wanaojua kutenganisha chembe za damu, kupima kingamwili na kuhifadhi sampuli isiharibike toka kijijini mpaka hospitali ya Bugando wamejaa. Lakini ujuzi huo unatoka mjini kama sangara anavyotoka, minofu kwenye masanduku, na wengi wetu tulichelewa sana kujua kwamba bondo, kile kibofu cha hewa cha tumboni mwake kilichokuwa kikitupwa, lina bei kuliko samaki mzima.

Kile kipande cha plastiki

Kipimo cha kawaida cha kichocho cha tumbo ni choo na hadubini. Mtaalamu huchukua kipande kidogo cha choo, miligramu 41.7, anakibana chini ya karatasi laini kwenye kioo na kuhesabu mayai. Kazi ni ngumu, na mtu mwenye minyoo michache anaweza kuonekana mzima, maana siku ile mayai hayakuangukia kwenye kile kipande. Njia nyingine ni kutafuta kwenye mkojo vitu ambavyo mnyoo hutema ndani ya damu. Vipimo vya namna hiyo vilikuwa sokoni tayari, kimoja kinatengenezwa Afrika Kusini. Dokta alitaka chake kione maambukizi hafifu ambayo vingine vinayapita, na kitengenezwe hapa hapa.

Alinieleza kinavyofanya kazi akitumia kalamu yangu na kitambaa cha meza. Mkojo unapanda kwenye ukanda kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Njiani unakutana na kingamwili zilizofungwa kwenye punje ndogo mno za dhahabu. Kama antijeni ya mnyoo, yaani kile anachokitema, imo, kingamwili zinaikamata, zinasafiri nayo, halafu zote zinanaswa na kingamwili nyingine zilizopakwa kwa mstari mbele. Dhahabu ikirundikana pale tunaona mstari mwekundu.

Nilimuuliza kama ni dhahabu kweli. Ni dhahabu kweli. Ikisagika mpaka kufikia punje za nanomita 40 hivi, rangi yake inakuwa nyekundu ya divai. Geita yenye migodi ya dhahabu iko jirani tu na sisi, na yeye alikuwa anaagiza vichupa vya dhahabu hiyo kutoka Ulaya kwa ndege. Sina la kuongeza hapo.

Kisayansi kipande kile kilikuwa kinafanya kazi. Alikuwa amekijaribu kwenye sampuli za zamani na kuandika makala mbili. Ndiyo maana alipokuja kwangu alidhani amebakiza kitu kimoja, mtaji. Mimi niliona mambo mawili mbele ya mtaji, na moja lilikuwa limeharibika zamani.

Nililigundua kwa swali la kihasibu tu. Kwenye orodha ya mali za kampuni alikuwa ameandika "kingamwili za kipimo". Nikamuuliza, hati yake iko wapi?

Kingamwili zile zilitoka kwenye seli alizozitengeneza akiwa Ulaya, kwa damu ya panya na antijeni ya minyoo, wakati wa utafiti uliolipiwa na chuo cha kule. Aliposaini mkataba wa uzamivu alikuwa na miaka 27 na furaha ya kupata viza. Ndani yake mlikuwa na kifungu kinachosema kila kitakachozaliwa maabara ile ni mali ya chuo. Sampuli za mkojo za Ukerewe zilikwenda Ulaya kwa mkataba wa kuhamisha sampuli, halali, wenye vibali vyote, na mkataba huo uliruhusu utafiti peke yake. Biashara haikutajwa popote. Juu ya hayo, mwaka mmoja kabla ya kurudi alikuwa amebandika bango kwenye mkutano wa wanasayansi akieleza kila hatua ya kipimo. Kwa sheria za Ulaya za hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu, ukishautangaza ubunifu wako kabla ya kuuombea hataza, umeshaugawa. Marekani wanakupa mwaka mmoja wa huruma, na mwaka ulikuwa umepita.

Alilia kidogo, halafu akacheka. Akaniambia habari ya Köhler na Milstein. Mwaka 1975, Cambridge, wawili hao walipata njia ya kuunganisha seli ya kinga na seli ya saratani ili itoe aina moja ya kingamwili bila kikomo. Karibu kila kipimo cha haraka unachokiona zahanati, cha malaria, cha mimba, kilijengwa juu ya ugunduzi ule. Waliutangaza kwenye jarida, na shirika la serikali ya Uingereza lililokuwa na kazi ya kulinda ubunifu halikuuombea hataza. Walipata Nobeli mwaka 1984. Kampuni zilizotajirika kwa kingamwili hizo ni za watu wengine. Moja, Hybritech ya San Diego, ilianzishwa mwaka 1978 na mtafiti wa kinga wa chuo kikuu pamoja na fundi wake wa maabara, ikauzwa kwa Eli Lilly mwaka 1986.

"Basi niko kwenye ukoo mzuri," akasema.

Chuo cha Ulaya hakikuwa kibaya. Kilikuwa tayari kumpa leseni ya kutumia seli zake mwenyewe, kwa ada ya kuanzia na asilimia ya mauzo. Ada ya kuanzia peke yake ingemeza akiba yake yote na kiwanja cha Buhongwa.

Ukurasa wa 38

Tuseme leseni angeipata. Nani angenunua?

Kwenye aya yake aliandika kwamba Tanzania ni ya pili Afrika kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho, baada ya Nigeria, kwa hiyo soko ni mamilioni ya watu. Nimeona kosa hili mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nalipigia mstari mwekundu bila kusoma mbele. Mgonjwa na mnunuzi ni watu wawili tofauti. Mtoto wa Ukerewe mwenye kichocho hanunui kipimo. Baba yake, mvuvi, hakinunui pia, maana hajui kama mtoto anaumwa. Na serikali? Mpango wa taifa huenda shuleni, watoto wanapimwa urefu kwa kijiti kilichowekwa alama, alama inaonyesha vidonge vingapi vya prazikwanteli, dawa ya kichocho, mtoto anameza, basi. Hakuna anayempima kwanza. Dawa zenyewe ni za msaada, Merck ya Ujerumani inazitoa bure kwa nchi za Afrika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unasema jamii yenye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi ipewe dawa kwa pamoja kila mwaka, kuanzia watoto wa miaka miwili. Kidonge cha bure kinashindana na kipimo cha kulipia. Kipimo kitatafutwa kweli siku ugonjwa ukishapungua, pale ambapo itabidi uwatafute wachache waliobaki. Yaani soko la Dokta lilikuwa linangoja kazi ya wengine ifanikiwe kwanza.

Wanunuzi waliobaki walikuwa miradi ya utafiti na wafadhili wa uchoraji ramani za ugonjwa. Wapo, lakini wananunua mara moja kwa miaka mitatu, na wanataka kiwanda chenye cheti cha kimataifa cha ubora. Kukusanya zile kanda kunahitaji chumba kikavu sana, na chumba chake kilikuwa mita mia nne kutoka ziwani, kwenye mtaa ambao umeme unakatika bila kuaga. Kisha kuna usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kila hatua na ada yake na miezi yake. Sizilaumu hatua hizo. Sitaki mwanangu apimwe na kitu kilichofungwa jikoni kwa mtu. Nasema tu hazikuwemo kwenye zile kurasa 41.

Akanitajia BioNTech. Kila mtafiti wa kinga atakutajia BioNTech: wale mke na mume wa Mainz, madaktari, maprofesa, waliotoka maabara ya chuo mpaka chanjo ya UVIKO-19. Nikaenda kusoma. Uğur Şahin na Özlem Türeci walianzisha kampuni ya kwanza, Ganymed, mwaka 2001. BioNTech ilikuja mwaka 2008, na ilianza na euro milioni 150, nyingi zikiwa za ndugu wawili matajiri wa Kijerumani. Nikamwambia, Dokta, wewe una Toyota IST na mume mwalimu.

Benki tuliyoiendea iliomba hati ya nyumba. Afisa mikopo alikuwa kijana mpole. Aligeuza kile kipande cha plastiki mara mbili, akauliza kama kinaweza kupima pia mimba.

Mtu wa ruzuku anavyohesabu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na pia kwa sababu niliona jambo ambalo sikulitegemea. Dokta alikuwa mzuri sana wa bajeti. Alikuwa ameendesha miradi ya mamilioni, kila kalamu na risiti yake. Ila bajeti ya ruzuku inafuata desturi yake: fedha inakuja kwanza, unaitumia mpaka iishe, na ukibakiza unaonekana hukufanya kazi. Duka la vipuri lingefungwa wiki ya pili kwa desturi hiyo.

Miezi ya mwanzo, akiwa bado kwenye likizo bila malipo, kampuni iliishi kwa kazi ndogo za kupimia sampuli za mradi fulani wa utafiti. Mradi ulimlipa baada ya miezi mitano. Wakati huo vitendanishi alivinunua taslimu, dizeli taslimu, msaidizi anataka mshahara mwisho wa mwezi. Fedha ilipoingia ilikuwa pungufu, akanipigia simu kwa hasira akidhani kaibiwa. Ilikuwa kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma, ambayo mlipaji anaikata na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, kwa jina lako. Miaka yote ile taasisi ndiyo iliyokuwa ikihangaika na mambo hayo nyuma ya mlango asiougusa.

Nilipomwambia apange gharama ya kipimo kimoja aliniletea jedwali safi: antijeni, sahani za plastiki, ncha za pipeti, usafiri, umeme. Nikalitazama mara tatu. Hakuwemo yeye. Alikuwa amejisahau mwenyewe, mtu mwenye miaka 15 ya masomo na kazi, kwa sababu maishani mwake mshahara wake haukuwahi kuwa sehemu ya gharama ya kipimo. Ulitoka mahali pengine.

Mama wa Buswelu

Kilichoigeuza kampuni hakikuwemo kwenye andiko lolote. Kilianzia kwenye kikoba. Mwanakikoba mwenzake, mama mmoja wa Buswelu mwenye kuku wa mayai mia nane, alikuja kikaoni bila hisa zake. Mdondo, ugonjwa wa virusi unaoua kuku, ulikuwa umempitia. Kuku walipinda shingo, wakahara kijani, wakaanguka, na yeye alikuwa amechanja, tena kwa ratiba, akiwa na vichupa vitupu vya ushahidi. Alisema chanjo ni feki.

Dokta akamwuliza kama alipima kingamwili baada ya kuchanja. Mama akamtazama kama mtu aliyeongea Kijerumani.

Jumamosi ile Dokta alikwenda Buswelu na deli la barafu, akachukua damu kwenye mshipa wa bawa wa kuku ishirini wa banda la pili, waliochanjwa siku ile ile na walikuwa bado wazima. Kipimo alichotumia ni cha zamani na cha bei ndogo, nami nimekipenda kwa sababu unaweza kukiona kwa macho. Virusi vya mdondo vina tabia ya kuzishikamanisha seli nyekundu za damu ya kuku, zikatanda kama utando kwenye kishimo cha sahani ya maabara, ile ya plastiki yenye vishimo vingi. Maji ya damu ya kuku yakiwa na kingamwili, hizo zinavikaba virusi, na seli zinatuama chini kama kitone. Ukiinamisha sahani kitone kinateremka kama chozi. Unayazimua maji ya damu nusu kwa nusu, kishimo baada ya kishimo, moja ya pili, moja ya nne, moja ya nane, unatazama nguvu inaishia wapi. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linahesabu kuwa chanya kuanzia moja ya kumi na sita. Kuku wengi wa mama yule hawakufika huko.

Chanjo haikuwa feki. Mama aliichanganya kwenye maji ya bomba, mchana, kwenye vyombo vilivyokaa juani. Chanjo ile ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na klorini iliyowekwa bombani iue vimelea haichagui. Jua nalo likamalizia. Dokta alimwelekeza kutumia maji ya mvua, kuongeza maziwa ya unga yasiyo na mafuta kidogo ili kuikinga chanjo, kuwanyima kuku maji kwa muda kwanza ili wakipewa wanywe haraka, na kufanya hayo alfajiri. Wakarudia chanjo. Baada ya wiki tatu alipima tena, na machozi yalikuwa yanateremka mpaka vishimo vya mbali.

"Dokta, nikulipe shilingi ngapi?" mama akauliza.

Aliniambia kwamba alisimama pale bandani hana jibu. Wasimamizi walishamuuliza kama data ni safi, wahariri wakamuuliza kama sampuli zinatosha. Swali la mama yule lilikuwa geni. Akasema, nipe trei moja ya mayai.

Niligomba sana siku hiyo. Mezani kwangu aliweka mayai thelathini, hakuna risiti, hakuna ankara, na uso wake unang'aa kuliko siku alipoleta zile kurasa 41.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka kuliko tulivyojipanga. Mama wa Buswelu alieneza habari, na wafugaji wa Kisesa, Igoma na Usagara wakaanza kupiga simu. Tulipanga bei kwa banda badala ya kuku mmoja mmoja, na safari hii yeye mwenyewe akiwemo kwenye gharama. Wafugaji wa mayai wanalipa kwa simu siku ile ile, kwa sababu wanauza mayai kila siku na wanajua banda lililoanguka lina thamani gani. Hatua za usajili nazo hatukuzikwepa. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 haimruhusu mtu asiyesajiliwa kuendesha huduma ya afya ya mifugo, hata akiwa na uzamivu wa kinga kutoka popote. Ilibidi amtafute daktari wa mifugo, kijana wa Magu, awe mbia mwenye hisa. Dokta aliona uchungu kugawa hisa kwa mtu aliyemfundisha miaka ya nyuma kwenye kozi fupi. Mimi niliona ndiyo saini bora aliyowahi kuweka, na safari hii aliisoma yote.

Barua ya kuacha kazi aliiandika mwezi wa kumi na moja wa likizo yake. Taasisi haikuwa na sera yoyote kuhusu mtafiti mwenye kampuni. Ilikuwa abaki au aondoke. Alichokisikitikia zaidi si mshahara. Anwani yake ya barua pepe ilifungwa, na pamoja nayo maktaba ya majarida. Kwa wiki kadhaa alikuwa akiwaomba wanafunzi wake wa zamani wamtumie makala, moja moja, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Mama yake alipiga simu kutoka Ukerewe. Nilikuwepo, spika ilikuwa wazi.

"Mwanangu, nasikia wamekufukuza."

"Hapana mayu, nimeacha mwenyewe."

"Watu wanasema umeacha udaktari unauza kuku."

"Siuzi kuku, mayu. Napima damu yao."

Kimya kidogo. "Kuku wanaumwa nini cha kupimwa damu? Huku watu hawajapimwa."

Dokta hakumjibu, na mimi pia nimelifikiria swali hilo tangu siku ile bila kupata la kumwambia bibi yule. Ni kweli kabisa. Kuku wa Buswelu ana mtu wa kulipia kinga yake, na mtoto wa Ukerewe hana. Sikuipanga dunia hivyo, ila vitabu vya hesabu za kampuni hii vinaonyesha hivyo kila mwezi, na nisingekuwa mkweli kama ningewaeleza vijana wanaokuja ofisini kwamba ujasiriamali wa sayansi utawapeleka moja kwa moja kwenye ugonjwa uliowaliza utotoni. Dokta amefika mahali pengine, na mahali hapo panalipa mishahara ya watu wanne.

Kipande cha plastiki hakijatupwa. Mwaka jana alinunua kuku wake wachache, akapata kibali cha maadili ya wanyama, na kwa mkataba ulioandikwa na wakili akapata antijeni ya kichocho. Kuku anayedungwa antijeni huhamishia kingamwili zake kwenye kiini cha yai; kiini kimoja hubeba miligramu 50 hadi 100 za kingamwili za kila aina, na sehemu ndogo yake ndiyo inayomlenga mnyoo. Humtoi damu. Unaokota yai. Kwa kuku hao hakuna chuo chenye kifungu popote. Kama kingamwili hizo zitatosha kushika kwenye ukanda, majaribio yanaendelea, jioni, baada ya sahani za wafugaji kuoshwa.

Kingamwili hizo zimehifadhiwa kwenye jokofu la kugandisha, chumba cha nyuma. Umeme ukikatika jenereta inawashwa kwa ajili ya jokofu lile peke yake, maana antijeni ya mdondo inakaa kwenye friji nyingine ndogo yenye betri. Kila mwezi napata risiti ya dizeli ambayo haihusiani na mteja yeyote wala pato lolote, na mkaguzi akija ataniuliza. Nilimpigia Dokta kumwuliza niiandike kwenye kifungu gani.

"Weka mengineyo, kaka," akasema.